Kijiko cha Mzee Marino

Kama Igga angesema hapana asubuhi ile, mambo yangeishia hapo hapo kwenye mlango wa ua na kila mtu angeshika hamsini zake. Lakini wapi. Mzee Marino alikuwa amesukuma toroli mwenyewe kutoka upande wa pili wa mtaa wa Hai Malakal, mjini Juba, na miaka yake sabini na minane, akipumzika kila baada ya nyumba tatu. Ndani ya toroli mlikuwa na gurudumu la gari, la spoki, limeliwa na kutu mpaka rangi yake na rangi ya barabara ni moja. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje hapana?

“Nimeambiwa wewe ndiye Sikio,” mzee alisema, akaweka toroli chini.

Igga alimtazama midomo, kama alivyozoea kuwatazama watu siku hizi, akaitikia. Ndiyo, Sikio ni yeye.

Jina hilo alipewa Koboko, kule Uganda, miaka ya ukimbizi, alipokuwa fundi wa baiskeli za watu wa samaki na mihogo. Mafundi wenzake walinyoosha rimu kwa macho. Igga aligonga kila spoki kwa mpini wa spana na kusikiliza. Spoki iliyokazwa sawasawa inalia. Iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Iliyokazwa mno inalia juu kupita wenzake, na wiki haiishi inakatika. Alikuwa akifumba macho akakwambia ya ngapi ina matatizo, na watu walikuja kumjaribu kwa mzaha, wakaondoka wamenyamaza. Mwaka 2007 alirudi Juba na jina hilo, na mke wake Poni, na mtoto wao Taban mgongoni kwa mama yake, na spana mbili.

Halafu ikaja Julai ya 2016. Siku ya tatu ya mapigano bomu moja liliangukia nyuma ya ua. Watu walibaki, nyumba ilibaki, choo cha jirani hakikubaki. Sikio la kushoto la Igga lilikufa siku hiyo. La kulia liliendelea kusikia mtu akisema kwa karibu, uso kwa uso, lakini ndani yake uliingia mlio mwembamba usiokoma, kama birika linalokaribia kuchemka, na mlio huo ulimeza sauti zote ndogo. Hakumwambia mtu, hata Poni. Kwanza, majirani walikuwa wanazika, sasa yeye mzima wa miguu na mikono aende kulia habari ya sikio? Pili, aliona aibu. Ukimwondolea Igga sikio, unabaki na mtu wa kuziba pancha.

Na kweli, miezi saba alikuwa mtu wa kuziba pancha. Aliyeleta rimu iliyopinda aliambiwa spana imepotea. Aliyerudi aliambiwa spana mpya inatoka Arua, na barabara ya Yei si unajua ilivyo. Uongo ule ulimchosha kuliko kazi.

“Ni la gari gani, mzee?” aliuliza.

Marino alieleza bila haraka. Ujana wake alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja aliyeuza vitambaa mjini. Mgiriki alipofunga duka na kuondoka, alimwachia dereva wake gari lake dogo la Kiingereza, la kijani, lisilo na paa, la viti viwili. Gari hilo lilikaa chini ya mikeka vita baada ya vita, na injini yake ilikuwa ikiwaka mpaka leo, kwa sababu Marino aliiwasha kila Jumapili baada ya misa. Magurudumu ndiyo yaliyokuwa yamekwisha.

“Teresina wangu alipelekwa kanisani na gari hili,” alisema. “Binti yetu Helen alipanda mwaka themanini na tisa, Juba imezingirwa, petroli tumeitafuta kwa chupa. Sasa Suzan wa Helen anaolewa kanisa la Kator Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Helen hayupo. Suzan asipopanda, siku nitakayomkuta mama yake huko nitamwambia nini?”

Hapo ndipo Igga angesema hapana. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni, “Niletee na mengine matatu.”

*

Kutu ilimpa furaha aliyokuwa ameisahau. Kutu haitaki sikio, inataka subira na mikono. Alifungua spoki moja moja, sitini kila gurudumu, akazifunga mafungu kwa uzi: ndefu za nje peke yake, fupi za ndani peke yake. Kisha akaenda jikoni kumkabili Poni kuhusu nusu pipa la plastiki, lile analolowekea mtama wa kwete, pombe anayouza.

“Wiki mbili tu, Mama Taban.”

“Na watu wangu wa kwete wiki mbili watakunywa nini? Kutu?”

“Wewe una sufuria tatu.”

“Nina sufuria tatu na mume mmoja, na vyote vinavuja,” alisema Poni, lakini alikuwa ameshaanza kulimwaga maji na kulisuuza.

Dawa yenyewe ni ukwaju, aradeb kama wanavyouita pale Juba. Igga alinunua ule uliooza kidogo ambao wauza juisi hawautaki, akaufikicha katika maji ya moto, akazamisha rimu na spoki humo. Siku ya pili maji yalikuwa meusi tititi. Alizitoa, akasugua kwa brashi ya waya na mchanga wa mtoni, akarudisha zile kaidi. Haitakiwi kuzisahau humo, maana ukwaju ukimaliza kutu unaanza kula chuma. Baada ya hapo alizisuuza kwa maji ya majivu, yale yale Poni anayopikia bamia, ili kuua ukali, akazianika juu ya bati kwenye jua la saa sita na kuzipaka oili kabla kutu nyingine haijapata wazo. Kumi na tisa zilikuwa zimekwisha kabisa. Badala yake alikata spoki nene za pikipiki na kuzichonga nyuzi upya, na kila ncha aliipiga tupa ili isije ikatoboa tyubu.

Chini ya uchafu wote ule chuma kilikuwa kizima, cha kijivu, kinateleza chini ya kidole. Igga alikuwa akikigeuza mkononi huku akitabasamu peke yake. Poni alimwona akitabasamu, akajifanya anatafuta chumvi.

Ikaja kazi ya pili. Alisuka gurudumu la kwanza, akalitundika kwenye ekseli kati ya nguzo mbili, akakaza spoki zote kwa zamu. Akachukua spana. Akagonga ya kwanza, ile iliyo jirani na tundu la vali.

Hakusikia kitu. Aliinama, akaweka sikio la kulia karibu kabisa, akagonga tena, na birika lile la kichwani likaendelea na mambo yake. Aligonga ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Jikoni Poni, ambaye ni wa sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia na huimba hata akichambua maharage, alikuwa akiimba. Alinyamaza. Baada ya kitambo akaanza tena.

Basi Igga akatumia vidole. Alizibana spoki mbili mbili, akipima ipi inakubali na ipi inakataa. Kwa baiskeli, ambayo spoki zake ni nyembamba, vidole vinaweza kukusogeza karibu. Hizi zilikuwa nene, na zote kwake zilikuwa ngumu tu. Alizungusha gurudumu na kulitazama: halikucheza kushoto wala kulia. Macho yakasema sawa. Lakini Igga si mtoto katika kazi hii. Gurudumu linaweza kwenda limenyooka kabisa huku nusu ya spoki zinabeba na nusu zimelala. Likipata mzigo na mashimo ya barabara ya Kator, zile zinazobeba zitakatika, moja halafu mbili halafu kumi, rimu ikunjike na gari lilale. Ndani ya gari atakuwa mzee wa miaka sabini na minane na bibi harusi.

Alilijua hilo. Na fundi yeyote anajua kwamba unakaza kwanza, unahakikisha, rangi ndiyo ya mwisho, kwa sababu rangi ikiingia kwenye nati ndogo za spoki inazigandisha. Igga alijua kuliko wote. Alipaka rangi. Alipaka ile nyekundu ya kuzuia kutu, na ilipokauka akapaka ya fedha juu yake, haraka haraka, nati na kila kitu, kama mtu anayefukia shimo kabla watu hawajapita. Gurudumu la pili akalifanya vile vile. Yalimeta mpaka majirani wakaja kuyaona, naye akapokea sifa akiwa hana raha hata chembe.

*

Aliyapeleka mawili hayo kwa Marino siku tisa kabla ya harusi. Alimkuta mzee amekaa kwenye kigoda kando ya gari lake, na Emilio amesimama mbele yake. Huyu Emilio ni baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa simu mbili, aliyekuwa ameshapata gari kubwa jeupe lenye kiyoyozi na hakuelewa kwa nini linakataliwa.

“Fundi wa baiskeli,” alisema Emilio alipoona toroli. “Mzee, huyu ni fundi wa baiskeli.”

“Spoki ni spoki,” alisema Marino. Alinyanyuka, akalizungusha gurudumu la kwanza kwa mkono, akalisifu. Kisha akatoa kijiko kwenye mfuko wa shati.

Kilikuwa kijiko cha supu cha zamani, kimelika upande mmoja. Mzee alieleza kwamba kwa Mgiriki hakuwahi kuwasha gari asubuhi hata siku moja kabla ya kuzunguka magurudumu yote manne na kijiko hiki.  Igga hakuwa amefikiri kwamba katika Juba nzima kuna mtu mwingine anayegonga spoki.

Marino aligonga spoki moja. “Hii?”

“Safi, mzee,” alisema Igga.

Akagonga nyingine. Akaigonga tena, mara ya pili na ya tatu, kichwa kimeinama upande. “Na hii?”

“Safi.”

 Emilio alikuwa amegeuka anaongea na simu. Marino alipeleka kijiko kwenye spoki ya tatu, na Igga, ambaye macho yake yalikuwa usoni kwa mzee yakitafuta jibu huko, akaona nyusi zinapanda kuuliza.

“Safi,” alisema.

Ndipo akatazama chini. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani, upana wa kidole kutoka kwenye spoki. Hakikuwa kimeigusa.

 Igga alitamani ardhi ya Hai Malakal ipasuke immeze yeye na toroli. Mzee Marino alimtazama, si kwa hasira, alimtazama tu kwa muda mrefu, na Emilio akamaliza simu yake na kugeuka.

“Vipi, yako sawa?” aliuliza Emilio.

“Rangi haijakauka,” alisema Marino kwa sauti kubwa. Alirudisha kijiko mfukoni. “Kazi nzuri, lakini rangi haijakauka. Fundi, rudi nayo. Leta yote manne asubuhi ya harusi.” Kisha akamsogelea Igga upande wa kulia, upande wa sikio linalosikia, akashika mkono wa toroli kana kwamba anamsaidia. “Una siku tisa. Yakiwa tayari utajua mwenyewe.”

*

Njia nzima Igga alisukuma toroli bila kuinua kichwa. Hakulisikia gari la askari lililokuwa likitoka upande wa kambi ya Bilpam mpaka bampa lilipokuwa karibu na paja lake, na askari wa nyuma akamtukana kwa Kiarabu cha Juba, kwamba ana masikio ya nini. Hata matusi aliyasoma midomoni.

Nyumbani Poni alikuwa anachuja kwete. Aliyaona magurudumu yamerudi, akafuta mikono.

“Mzee anasema rangi haijakauka,” Igga alisema.

Poni alibonyeza rangi kwa dole gumba. “Hii imekauka tangu Jumanne.”

 Poni alivuta kigoda, akakaa karibu naye, mkono wa kulia.

“Baba Taban,” alisema, “spoki ya nne kutoka tundu la vali imekufa. Na ile ya baada yake inalia mno. Niliisikia nikiwa jikoni siku ile ulipokuwa unagonga. Nikanyamaza nisikie utakavyoirekebisha. Ukapita.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilikuwa nakungoja wewe useme. Tangu Julai nakungoja.”

Aliposema Julai, Igga akamtazama vizuri. Mke wake alikuwa amekaa kulia kwake. Jana pia alikaa kulia. Kanisani, walipokuwa wakikaa yeye mwisho wa benchi na Poni kushoto kwake, siku moja Poni alisema kuna upepo wa mlango, wakabadilishana, na hawakurudi tena kama zamani. Kitandani alihamia ukutani kwa sababu ya mbu. Wakienda soko la Konyokonyo alikuwa akizunguka nyuma yake bila neno na kutokea mkono wa kulia. Kumwita alikuwa hamwiti tena kwa mbali. Alikuja, akamgusa bega, ndipo akasema. Miezi saba mtu huyu alikuwa anatembea upande mmoja wa dunia kwa ajili yake, na yeye akijisifu moyoni kwamba ameficha.

Kwanza alikasirika. Alikasirika kweli, akasimama, akasema basi kumbe umekuwa ukinicheka. Poni akamwacha aseme. Hasira ilipokwisha haikuacha kitu cha kusimamia, akakaa tena, na machozi yakamtoka mbele ya mke wake mchana kweupe.

“Niliona aibu,” alisema. “Niliogopa nitakuwa si kitu.”

“Wewe ni mjinga,” Poni alisema kwa upole. “Hilo nililijua Koboko, na nikaolewa.” Alichukua ile spana iliyodaiwa kupotea, akamwekea mkononi. “Gonga nisikie.”

*

Walianza kwa kulipia dhambi ya rangi. Nati zilikuwa zimeganda, na siku mbili zilikwenda kukwangua rangi kwa ncha ya kisu na petroli kidogo, nati mia moja na ishirini, mpaka kucha zao zikawa za fedha. Baada ya hapo wakakaa, yeye upande huu wa gurudumu, Poni upande ule, na kazi ikaanza kwa heshima zake.

Igga alieleza: ndefu zote sauti moja, fupi zote sauti moja, fupi juu ya ndefu.

“Kumbe ni kwaya,” alisema Poni.

“Ni kwaya.”

“Ungesema hivyo miaka yote hii, ningekuwa nimeshakukosoa.”

Igga aligonga, na Poni akasema: chini. Akakaza robo mzunguko. Panda kidogo. Hapo, acha. Inayofuata. Chini sana, hii imelala fofofo. Walifanya hivyo kila alasiri kwete ikishachujwa, na wateja wa kwete waliokaa ukutani wakazoea kunywa kwa kunong’ona, maana mama mwenye kwete alikuwa mkali kwa mtu wa kelele. Gurudumu la tatu waligombana. Poni alisema spoki fulani iko chini, Igga akasema vidole vyake vinamwambia iko sawa.

“Vidole vyako vinaimba kwaya gani?” Poni aliuliza.

Igga akaikaza. Kwa kukaza hiyo moja tu, gurudumu lilipozungushwa lilitulia kuliko lilivyowahi kutulia. Igga alicheka, kicheko cha tumbo ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu bomu. Siku ya nane yote manne yalikuwa yamekazwa na kupakwa, safari hii kwa utaratibu wake.

*

Asubuhi ya harusi ua wa Marino ulijaa watu. Magurudumu yalifungwa, nati za katikati zikapigwa nyundo ya mti, gari likashushwa kwenye mawe likasimama kwa miguu yake. Dogo, kijani, limepitwa na wakati, na zuri. Suzan alitoka ndani na gauni jeupe, viatu mkononi kwa ajili ya vumbi, akasimama akilitazama kwa namna iliyofanya nyanya yake Teresina atafute leso. Nje ya lango gari jeupe la Emilio lilikuwa limewashwa tayari, kiyoyozi kinafanya kazi.

Marino alitoa kijiko. Watu wakanyamaza, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu hawakujua anataka kula nini. Mzee aliinama kwenye gurudumu la mbele, akagonga spoki moja, safari hii aligonga kweli, akamgeukia Igga mbele ya wote.

“Na hii?”

Neno lilikuwa pale ulimini. Safi. Na lingekuwa kweli, alijua kabisa ni kweli, spoki ile Poni aliipitisha kwa mkono wake. Angelisema, mzee angeitikia, harusi ingeondoka, na jina la Sikio lingebaki Hai Malakal bila doa. Mzee alikuwa amemfungulia mlango huo makusudi. Igga alimtafuta Poni kwa macho. Alikuwa kulia kwake.

“Mimi siisikii, mzee,” alisema. Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kwa kuwa alikuwa hajui tena kuipima. “Masikio yangu yaliharibika Julai. Yale mawili niliyokuletea kwanza yalikuwa mabaya na nilikudanganya. Haya ni mazuri, lakini aliyeyasikia ni mke wangu. Muulize yeye.”

 Emilio alishusha simu.

“Ngoja. Kiziwi ndiye aliyefunga haya magurudumu? Tunampakia bibi harusi kwenye kazi ya kiziwi?”

 Marino alimtazama Igga, uso wake ukalainika, akashika kijiko kwa mikono miwili, akampa Poni.

Poni alipiga magoti kwa kitenge chake kizuri cha harusi, hakujali. Alizunguka gurudumu la kwanza lote, ndefu halafu fupi, na spoki zikalia moja baada ya nyingine, sauti ile ile, sauti ile ile, mpaka hata wapishi wakatoka jikoni kusikiliza. Akaenda la pili. La tatu. La nne. Ilichukua muda, padri alikuwa anangoja Kator, na hakuna aliyemharakisha. Igga alisimama akitazama nyuso za watu, maana huko ndiko alikokuwa akiisikia. Kila kijiko kilipogonga, hakuna uso uliokunjamana.

Alipomaliza alisimama, akapangusa magoti. “Ziko sawa,” alisema. “Zote.”

“Hata mimi nimesikia,” alisema Suzan. Alimpa nyanya yake viatu, akakusanya gauni, akaingia kwenye kiti cha kushoto cha gari la mama yake. “Baba mdogo, gari lako litufuate. Wazee watapanda.”

 Baadaye kidogo Emilio alienda kuwafungulia wazee milango.

Gari liliondoka mwendo wa mtu anayetembea, mzee kwenye usukani amenyooka, na kwaya ya parokia mbele na nyuma kwa miguu. Lilishuka kwenye shimo la kwanza la barabara kubwa, likapanda, magurudumu yakaendelea kuzunguka yametulia. Igga alikuwa akitembea nyuma yake, macho hayabanduki kwenye spoki, na watu waliompita walimpungia mkono. Mmoja alimwita Sikio kwa sauti ya juu, kama zamani. Igga akaitikia.

Poni alitoka kwenye kundi la kwaya akaja kutembea naye. Alizunguka nyuma yake bila neno, kama desturi, na kutokea mkono wa kulia. Igga alimshika kiwiko, akamrudisha taratibu upande wa pili.

“Leo kaa huku,” alisema. “Kulia nitasikia mwenyewe. Huku ndiko hakuna mtu.”

Poni akakaa kushoto. Walipofika karibu na njia panda boda moja ilikuja nyuma yao kwa kasi, upande wa kushoto, ikipiga honi. Poni alimvuta mkono wa shati, wakasogea pembeni, ikapita.